Mkunga wa Ng'ombe na Mnyama Asiyejulikana

Mkono wake wa kulia ulikuwa mwembamba kuliko wa kushoto, na watu wa kilimani walisema ulikonda kwa kuingia mno matumboni mwa ng'ombe. Ni maneno ya watu tu. Lakini mimi niliyesomea mifugo na kupewa cheti chenye muhuri nimeuona mkono huo ukimgeuza ndama aliyekaa kinyume, matako mbele, wakati nimesimama pembeni na glavu zangu nikifikiria kisu. Alijipaka samli hadi kwapani, akalaza shavu kwenye ubavu wa ng'ombe, akafumba macho, akaanza kuongea, wala si na mimi.

"Haya mama, nipe mguu. Huo ni mkia, mkia wa nini? Nipe mguu."

Baada ya robo saa ndama alikuwa kwenye nyasi anapiga chafya, naye ananawa kwa maji baridi. Akanitazama. "Weka kisu chako, mwanangu. Kisu ni cha nyama."

Nitamwita mkunga, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Majirani walimwita Mukecuru, yaani bibi, kama anavyoitwa kwa heshima mwanamke yeyote mzee wa huku. Alizaliwa wapi na kwa nani sitasema, na yeye mwenyewe alilichukia swali hilo. "Mtu anayekuuliza ulizaliwa wapi," alisema, "anatafuta mahali pa kukurudishia." Inatosha kujua kwamba alikaa Tanzania miaka mingi, na aliporudi alirudi na Kiswahili kilichonyooka na Biblia ya Kiswahili iliyofungwa kwa uzi. Nami utoto wangu niliumalizia Tanzania kabla wazazi hawajarudi Gisenyi. Kwa hiyo kilima kizima kilipoongea Kinyarwanda, na soko zima likaongea Kiswahili cha Goma, sisi wawili tulikuwa na kile chetu. Nadhani alinipenda kwa sababu hiyo. Sikustahili.

Aliishi juu kabisa. Unapita Kanzenze, unaendelea kupanda mpaka barabara ya magari inapoishia kwenye tope, kisha unafuata njia ya ng'ombe. Uzio wake wa miti ulipakana na msitu. Msitu huo siku hizi ni hifadhi. Una bango, una walinzi, una wageni wanaoletwa kutoka hoteli za ziwani kwa magari marefu ili watazame sokwe. Ng'ombe wetu hawana bango.

Mimi nilikuwa veterineri, daktari wa mifugo wa eneo lile. Ndama wake saba waliliwa katika miaka mitatu, na mara zote saba mimi ndiye niliyetumwa kuandika ripoti, na mara zote saba niliandika uongo. Naliweka hili mwanzoni ili mtu asinione mwema katika habari hii.

Kwanza niseme alivyokasirika, maana watu wanaomkumbuka wanakumbuka hasira yake. Haikuwa hasira ya kelele. Alipokasirika alianza kufanya kazi. Alifagia, alikoroga maziwa, aling'oa magugu, na maneno yalitoka polepole katikati ya kazi, kila neno likiwa limeoshwa. Siku moja dereva wa gari la maziwa alimrudishia debe zima akidai maziwa yamechachuka, kumbe ni yeye aliyechelewa kwa sababu ya kulewa. Mkunga hakubishana. Alimkaribisha ndani, akamkalisha, akammiminia kikombe kutoka debe lile lile, akasimama mbele yake mpaka akinywe chote. "Matamu?" "Matamu, Mukecuru." "Basi pakia."

Hakuvumilia uongo hata kidogo, hata ule mdogo ambao sisi wengine tunautumia kama chumvi. Ukimwambia "nitakuja kesho" usije, kesho kutwa alikuuliza ni kesho ipi uliyoitaja. Wanakwaya wenzake walimchoka. Mchungaji alimwogopa. Jumapili moja mahubiri yalikuwa juu ya mchungaji mwema na yule mtu wa mshahara anayekimbia akimwona mbwa mwitu. Tukitoka kanisani alinishika mkono wa shati.

"Umesikia? Hata Yesu alitofautisha mbwa na mbwa mwitu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wakati huo ndama wanne walikuwa wameshaliwa.

Wa kwanza aliliwa msimu wa mvua, asubuhi ya ukungu. Huku juu ng'ombe hulala nje na huzalia nje, kwenye malisho. Nilipofika mama alikuwa bado amesimama juu ya mwanawe akimlamba kichwa, maana kichwa ndicho kilichokuwa kimebaki kizima. Kilichomla kilikuwa kimeanzia nyuma, mahali palipo laini, na kilikuwa kimechukua ulimi. Kwenye tope kulikuwa na nyayo ndogo, nyembamba, zilizopangana mstari mmoja kutoka msituni na kurudi msituni. Mbwa hatembei hivyo. Mbwa anazurura, anarudi, ananusa, anakojolea kijiti. Mwenye nyayo hizi alijua anakokwenda.

Nilirudi ofisini, nikamweleza mkuu wangu, mtu aliyekulia Uganda, mchapakazi, mwepesi wa kupokea simu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Andika mbwa," alisema.

"Si mbwa, afande." Tulimwita afande ingawa alishaacha jeshi zamani.

"Mbwa ni tatizo la mwenye mbwa. Mnyama wa hifadhi ni tatizo la nchi. Ukiandika mnyama wa hifadhi, karatasi itapanda ngazi mpaka juu, halafu watu watashuka ngazi mpaka kwako. Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Andika mbwa."

Nikaandika. Kuna mfuko unaowafidia watu walioharibiwa mali na wanyama wa porini, lakini mbwa si mnyama wa porini, kwa hiyo neno hilo moja lilifunga mlango. Nilimpelekea mkunga nakala yake. Aliisoma mara mbili, akivuta kidole chini ya kila mstari.

"Mwanangu, hapa umekosea. Umeandika mbwa."

"Ndivyo wanavyosema wakubwa, mama."

"Wakubwa walikuwa hapa?"

"Hapana."

"Basi wamejuaje?"

Alinihurumia. Alidhani sikujua, alidhani shule yangu ilikuwa fupi, akaanza kunifundisha. Alinipeleka mpaka kwenye uzio, akanionyesha nywele zilizonasa kwenye mti, za kijivu zenye ncha nyeusi. Alinieleza kuhusu mbweha aliowaona alipokuwa msichana mchungaji, jinsi wanavyokwenda wawili wawili, mmoja akimchokoza mama, mwingine akimvuta ndama. Alinifundisha kwa subira kile nilichokuwa nakijua, nami nilitikisa kichwa kama mwanafunzi.

Na bado hakuwa adui wa msitu, na hili ndilo lililowachanganya majirani. Alikuwa akisema mvua yetu yote inalala mle ndani usiku na kutoka asubuhi. Hakuokota humo hata kijiti cha kuni. Vijana walipoingia kukata mianzi aliwaripoti kwa walinzi, mpaka wakamchukia. Walinzi wenyewe walikuwa wakipita kwake kunywa maziwa, na aliwapa, vikombe vilivyojaa, huku akiwatukana wanyama wao.

Alisema anachukia mbwa, ni najisi, ni wezi wa mayai. Alikuwa na mbwa. Mbwa wa rangi ya vumbi, kilema wa mguu wa nyuma, hakumpa jina na hakuwahi kumshika. Kila asubuhi alimwaga povu la maziwa kwenye kigae mlangoni, akageuka asimwone akinywa.

Na sumu aliichukia kuliko vyote. Jirani yake wa chini, mkulima wa karoti aliyekuwa na ng'ombe wawili, alipoteza ndama mmoja kwa namna ile ile. Alikuja kwa mkunga na chupa mkononi, dawa ya wadudu wa shambani. Nilikuwepo nikichanja.

"Mukecuru, sikia. Ule mufupa unabaki, tunapakala hii dawa. Asubuhi tunaokota hiyo nyama ya pori iko imelala. Bon, kazi imekwisha."

Mkunga aliipokea chupa kama anayetaka kuisoma, akatembea mpaka kwenye shimo la choo, akaimwaga.

"Yewe, Mukecuru! Ni mali yangu!"

"Sumu haina macho," alimwambia. "Itakula tai, itakula mbwa wa mwenzako, itakula mtoto aliyeokota mfupa. Kuna sheria na kuna ofisi. Huyu hapa ofisi." Akaninyooshea mimi kidole, chenye povu la sabuni. "Andikisha."

"Mi niandikishe imbwa?" yule bwana akajibu, akaenda zake.

Ndama wa tano alipoliwa, ofisi iliona aibu kidogo. Kila mara kusema mbwa, mbwa, na mbwa wenyewe wanatembea. Ikatoka amri: mbwa wote wa kilimani wasiofungwa wauawe. Walinzi wa usalama walikuja saa nne asubuhi na marungu na kamba. Mimi niliongozana nao, kwa kuwa amri ilitaka awepo mtu wa mifugo. Kwenye nyumba nyingine watu walificha mbwa wao chini ya vitanda na kwenye mashimo ya viazi. Mkunga alitoka mwenyewe na wake, amemfunga shingoni kwa kipande cha kitenge.

"Sheria ni sheria," alisema.

Nilimwambia polepole kwamba angeweza kumweka ndani, kwamba mbwa aliyefungwa hakuhusika. Alinitazama. "Alikuwa hafungwi jana. Jana mlisema anakula ndama. Kama ni kweli, mchukueni. Kama si kweli, sema sasa hivi, hapa, mbele ya hawa."

Walinzi walinitazama. Nilitazama viatu vyangu. Mbwa yule hakulia sana. Alipokwisha kunyamaza, mkunga alifungua kile kipande cha kitenge shingoni mwake, akakikunja.

"Sasa mbwa wamekwisha kilimani. Tutaona."

Zilipita siku kumi na moja. Nilipofika kwa ndama wa sita, mkunga alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono mapajani, hafanyi kazi yoyote. Hilo lilinitisha zaidi ya mzoga.

"Andika mbwa," alisema. "Andika, veterineri."

Tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu.

Mkuu wangu aliponisikia alitafuta neno, akalipata. Alifurahi kama mtu aliyepata ufunguo. "Mnyama asiyejulikana," alisema. "Andika hivyo. Uchunguzi unaendelea." Nikaandika hivyo. Hakukuwa na uchunguzi wowote. Hakuna aliyepanda na kamera, hakuna aliyelala uwanjani, hakuna aliyeuliza zile nywele za kwenye uzio zilikuwa za nani.

Tukaitwa Gisenyi kwenye semina, katika ukumbi wa hoteli unaotazama ziwa. Wafugaji walipewa kofia na chupa za maji. Kijana mmoja mwenye suti alionyesha picha ukutani, akaeleza jinsi ya kuishi pamoja na wanyama, na faida ya utalii, na kwamba tatizo ni wafugaji wetu kutojenga mabanda. Mkunga alisimama. Kofia alikuwa ameiweka mezani, hakuivaa.

"Nina swali. Huyo mnyama asiyejulikana amekula kwangu miaka mitatu. Mtu akila kwako miaka mitatu, unaweza kusema humjui?"

Watu walicheka. Kijana naye alicheka, akasema swali ni zuri na litachukuliwa.

"Lichukuliwe wapi?" mkunga aliuliza.

Kipaza sauti kilikuwa kimeshapelekwa meza nyingine. Alikaa. Chakula kilipoletwa alikuwa ameshaondoka. Nilimwona kupitia dirishani, anatembea peke yake chini ya miti ya barabara ya ziwani, na mabuti yake ya mpira, kati ya watu waliovaa nguo za kuogelea.

Banda alilijenga. Hilo sitaki lisahaulike. Aliuza fahali, akanunua mabati, akajenga banda la ndama la mbao, zuri, lenye mlango wa komeo. Lakini banda ni la ndama aliyekwisha kuzaliwa. Ng'ombe hangoji saa ya ofisi.

Asubuhi ya ndama wa saba aliitwa kwa yule yule jirani wa karoti. Ng'ombe wa jirani alikuwa akisumbuka tangu alfajiri, na jirani alikuja mbio. Mkunga alikuwa na ng'ombe wake mwenye mimba, lakini alimpapasa, akaona bado, akaenda. Alimzalisha wa jirani salama, jike. Alipopanda kurudi, jua limeshatoka, samli ingali mkononi, alimkuta ng'ombe wake amelala karibu na uzio, amejikunja. Alikuwa ameshikwa na uchungu peke yake. Wale wanyama hawakungoja ndama atoke. Walimkuta nusu yuko ndani, nusu yuko nje, na walianza kula hapo hapo, wakampasua na mama.

Ng'ombe yule nilimchinja mimi. Hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Safari hiyo kisu changu kilikuwa na kazi, na mkunga ndiye aliyemshika kichwa. Ripoti ya saba niliiandika siku ile ile: mnyama asiyejulikana.

Jirani alinisimulia yaliyofuata. "Alikuja kwangu, hakunisalimia hata. Akasema, 'Nipe ile kitu.' Mi nikamupa chupa ingine ya dawa. We ungemunyima?"

Hapana. Nisingemnyima.

Kesho yake asubuhi alimkuta mbweha kwenye vichaka, hatua chache kutoka kwenye uzio, amelala upande kama anayepumzika. Kando yake kunguru wawili nao wamekufa. Mkunga aliwazika kunguru. Mbweha alimgeuza kwa mguu, halafu akachuchumaa, maana macho ya mkunga yalikuwa yamezoea kutazama mahali fulani kwanza. Matiti ya mbweha yalikuwa yamejaa maziwa.

Alimtia kwenye gunia la viazi, akashuka nalo kichwani mpaka barabarani, akapanda gari la kwenda mjini. Abiria walilalamika harufu. Kondakta akamuuliza amebeba nini.

"Mgeni wa serikali," alijibu.

Nilikuwa ofisini Gisenyi siku hiyo kwa ajili ya chanjo. Nilisikia sauti yake kwenye veranda, nikatoka. Mkuu wangu alitoka, na yule kijana wa semina, na makarani. Alipindua gunia mbele ya miguu yetu.

"Nimewaletea asiyejulikana," alisema.

Sijawahi kuona watu wakijua kitu haraka namna ile. Dakika chache tu, na yule kijana alikuwa ameshafungua kitabu chake na kulitaja jina la mnyama kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, na kwa Kilatini. Alimpima urefu wa mwili na wa mkia. Alimpiga picha kwa kila upande. Alituonyesha mstari wa ubavuni na kutueleza kwamba ni aina inayolindwa. Wakati anaua ndama hakuwa na jina. Alipokufa alikuwa na majina matatu. Wakatoa chanjo zangu kwenye friji ili wamlaze yeye, zikakaa juani mpaka zikaharibika, nami niliziona zikiharibika.

"Ni nani amemuua?" mkuu aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Mkunga alimtazama kama anayechunguza iwapo swali lile lina upande mwingine. "Ripoti zangu ziko ndani," alisema. "Saba. Kasome."

Polisi walikuja kabla ya saa sita.

Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya kifo cha mbweha. Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu. "Andika vizuri," alisema. "Huyu ni mali ya taifa." Niliandika vizuri. Niliandika mbweha, mbweha, mbweha, kwenye kila mstari, neno ambalo kwa miaka mitatu kalamu yangu haikuweza kuliandika.

Mahakamani aliulizwa kama ana la kuongeza. Wakili aliyepewa alikuwa amemshauri aseme hakujua sumu ile ingemuua mnyama wa hifadhi, kwamba alikusudia mbwa. Lingekuwa jambo jepesi. Makaratasi yote saba yangemsaidia, hakuna hata moja lililotaja mbweha. Angeweza kuutumia uongo wangu kama ngao. Alisimama akasema:

"Nilijua ni mbweha. Nilikusudia mbweha. Na mwandike pia kwamba alikuwa ananyonyesha, maana katika hayo mliyosoma hamkulitaja. Ana watoto mahali wamekufa kwa njaa. Hilo nimelifanya mimi, nalo ni baya. Sasa na ninyi mseme yenu."

Hakuna aliyesema yake. Mwendesha mashtaka alilidaka lile la kunyonyesha na kuongeza ukubwa wa kosa. Mimi nilikaa benchi la tatu. Niliitwa shahidi, nikaulizwa swali moja tu, kama ripoti ya mbweha ni yangu na sahihi ni yangu. Nikasema ndiyo. Hakimu hakuuliza kuhusu zile saba, nami sikuulizwa, kwa hiyo sikujibu. Ndivyo nilivyojiambia ndani ya gari nikirudi nyumbani: sikuulizwa.

Walimfunga. Alikaa ndani mvua nzima na kiangazi kizima. Ng'ombe wake waliuzwa mmoja mmoja, banda likang'olewa mabati. Binti yake, anayeuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, pale Rubona, ndiye aliyempokea alipotoka. Mimi nilipandishwa cheo. Walisema ripoti zangu ni safi.

Ilinichukua miezi mingi kwenda kumwona, na Rubona si mbali. Ni safari fupi ya gari kutoka mjini. Nilikwenda alasiri moja ya jua kali. Mitumbwi ilikuwa imefungwa, nyavu zimetandazwa kukauka, wanawake wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakichambua samaki. Alikuwa miongoni mwao, kwenye kreti iliyopinduliwa, beseni la sambaza kati ya magoti. Amezeeka ghafla. Mkono ule mwembamba ulikuwa unaingia ndani ya samaki, unatoa majani na vijiti, unaingia tena.

"Karibu," alisema. Hakuonyesha kushangaa. Binti yake alinipa kigoda.

Nilianza na habari nilizodhani ni njema. Nilimwambia kwamba siku hizi kule juu mambo yamebadilika, kwamba tangu kesi yake hakuna tena anayeweza kusema mnyama hajulikani, kwamba jirani wa karoti alipoteza ndama mwingine na safari hii fomu iliandikwa mbweha, na fidia ikapita. Nilimwambia watu wa kilimani wanasema ni kwa sababu yake.

"Na wangu?"

"Zile ripoti zilishafungwa, mama. Na kwa kuwa kuna hukumu..."

"Nimeelewa."

Aliendelea kuchambua. Mtumbwi mmoja ulikuwa ukisukumwa majini na wavuvi walikuwa wanaimba ili wasukume pamoja. Nilingoja wamalize. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga tangu mjini, na yote yakanikauka, likabaki moja.

"Nilijua," nilisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba si mbwa."

"Tangu lini?"

"Tangu wa kwanza."

"Kwa zile nyayo."

"Kwa macho. Nilimwona, mama. Asubuhi ile ile. Ulikuwa umeinama kwa ng'ombe, umenipa mgongo. Alikuwa amesimama vichakani ananitazama, na mstari wake ubavuni, na ncha nyeupe ya mkia. Alisimama muda mrefu. Wewe ukaanza kunieleza nyayo, nami nikanyamaza."

Mkono ukasimama ndani ya beseni. Kwa muda nilifikiri atanipiga, na nilitaka anipige. Aliutoa mkono, akaufuta kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, akauinua mbele ya uso wangu na kuanza kuhesabu.

"Wa kwanza ni wangu. Nilimwacha nje, sikujua. Huyo simdai mtu." Akakunja kidole. "Gaju. Subira. Bihogo. Jumapili, aliyezaliwa watu wakiwa kanisani. Neema, baada ya mbwa kuuawa. Na yule wa mwisho, sikumpa jina, alikuwa hajatoka wote." Vidole vilikuwa vimekwisha kabla ya ndama; mkono ulikuwa ngumi sasa, na mishipa yake imesimama. "Hao sita ni wako. Walikuwa wako tangu mwanzo, mimi nilikuwa nawalia kwa makosa."

"Mama, nisamehe."

Aliurudisha mkono ndani ya samaki.

Binti yake, ambaye hakuwa amesikia, alikuja na mfuko wa karatasi akaniuliza kama nitachukua sambaza za nyumbani, ni za leo.

"Huyo anaondoka," mkunga alisema, bila kuinua macho.